Roka Nane za Kajetani

Bombambili, Songea
13 Agosti 2023

Mdogo wangu Yohanes,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na mikorosho yako, na kwamba kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekuachia. Watoto wa huku wazima, shemeji yako Walburga mzima. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka.

Mimi siwezi kujiita mzima. Najua Walburga alikupigia kwenye simu ya huko dukani kwa Zuhura, lakini mawasiliano yalikuwa yanakatika, na sitaki ukae huko Nakapanya na habari nusu. Simu yangu ilikanyagwa. Kusema siwezi, taya limevunjika na hospitali wamelifunga kwa waya juu na chini. Nakunywa uji kwa mrija. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimefungwa vibao. Huu wa kulia ndio unaoandika, nikiwa bado wodini, na barua ataileta Twaha, kondakta wa basi.

Unajua nilikuwa nahangaika na Landrova ya baba ili mwaka huu ibebe korosho zako. Ilikuwa inawaka, lakini inagonga kama mtu anayenyoosha bati, na silinda ya nne haivuti. Nilipofungua kava la juu nikaona kwa nini. Zile roka nane zinazokandamiza valvu zimelika mpaka zina mashimo. Shafti inayozibeba ina mfereji chini yake, ukipitisha ukucha unakwama. Pushirodi moja, ile fimbo inayoisukuma roka, imepinda kama upinde. Sikuweza kuziponya kwa kuchomelea, nilihitaji nyingine. Na za gari la zamani hivyo hazipo madukani.

Chande, yule muuza vyuma chakavu wa Msamala, aliniambia amepata seti nzima. Nikaenda mchana kweupe, nikanunua, nikazifunga kwenye shati langu la kazi, ncha zinachungulia, mafuta yanachuruzika. Sijafika hata kona, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Hizo ni zangu."

Hakupiga kelele mara ya kwanza. Niligeuka nikamwambia nimenunua. Akavuta shati, roka zikamwagika barabarani, na alipoziona chini ndipo akaita mwizi.

Yohanes, sikuwajua walionipiga, lakini walinipiga kama watu wanaonijua. Tofali la kwanza lilinipata hapa chini ya sikio na nikasikia taya linatoka. Mmoja alikanyaga mkono wangu na akageuza kisigino. Nilijaribu kusema jina langu, mdomo ukatoa damu na meno. Walileta tairi. Lilishapita kichwani na lilikuwa begani, nilisikia harufu ya petroli, wakati Getruda anayekaanga maandazi pale njiapanda alipobeba sufuria lake na kumwaga mafuta ya moto miguuni mwao. Walipiga mayowe wao sasa. Wakatawanyika. Huyo mama hanijui, nilikuwa simpi hata salamu.

Aliyeita mwizi anaitwa Kajetani, dereva wa zamani, anakaa hapo hapo Msamala. Naye ana Landrova kama ya baba, na wiki moja kabla wezi walimfungulia injini. Nakuandikia jina lake kwa sababu utalisikia tu. Nakuomba usifanye lolote. Napona.

Kaka yako,
Egidi


Nakapanya
22 Agosti 2023

Kaka Egidi, shikamoo.

Huku tuko wazima, maua ya mikorosho yameshika vizuri, dada Zuhura wa dukani anakupa pole nyingi na anasema anakuombea dua. Msalimie shemeji na watoto.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Walburga hakunieleza habari za tairi. Kaka, tairi.

Unasema nisifanye lolote. Nilipokuwa darasa la tano yule mtu wa mashine ya kusaga aliponichapa na mkanda wa mashine, nani alimfuata mpaka kwake? Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulimvunja pua mbele ya mke wake. Hukuniuliza kama napona.

Waliorusha mawe ni wengi na siwezi kuwapata. Huyu mmoja ana jina na ana nyumba. Sitaki polisi, sitaki mwenyekiti wa mtaa, sitaki asimame kanisani aombe msamaha watu wampigie makofi. Nataka naye anywe uji kwa mrija.

Nitakuja nikishauza korosho za kwanza, mwezi wa kumi. Kabla ya hapo siwezi kuacha shamba. Usinijibu kwa kunituliza, maana najua utafanya hivyo. Kula vizuri, kama hicho ni kula.

Mdogo wako,
Yohanes


Bombambili
9 Septemba 2023

Mdogo wangu Yohanes,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi tunaendelea vizuri, vidole vimefunguliwa vibao ingawa viwili havikunji. Waya wa taya bado. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mengi yametokea na nilitaka niyaone mwisho wake kwanza.

Kajetani alikuja. Mara ya kwanza alikuja hospitali, akasimama mlangoni mwa wodi kofia mkononi, na Walburga akamrushia bakuli la uji. Likampiga kifuani. Alijifuta, akaondoka. Kesho yake akarudi. Walburga alichoka kabla yake.

Ni mtu wa miaka karibu sitini, mrefu, anakohoa. Alikaa kwenye kiti akaniambia, "Niliita mwizi kwa sababu niliona vitu vyangu. Nilipoona tairi nikaanza kupiga kelele waache. Hakuna aliyenisikia. Sauti ile ya kwanza waliisikia wote." Kisha akalia, Yohanes, mtu mzima, na mimi sina hata mdomo wa kumwambia anyamaze.

Walburga alipokuja kunichukua siku ile alikuwa ameziokota roka. Niliporudi nyumbani Kajetani alinifuata, nikazitoa tukaziangalia pamoja. Ni zake kweli. Moja ina bushi, yaani pete ya ndani, ya shaba aliyoichonga mwenyewe kwa tupa, na akanionyesha alama za tupa ndani. Chande alizinunua kwa mtu aliyekuwa anapita, na sasa amefunga banda amehama. Kwa hiyo nilipigwa bure, lakini mali ilikuwa ya wizi. Nilifikiri angezichukua. Akazisukuma upande wangu. "Gari langu chesisi imeoza," akasema, "na lako halina roka. Tufanye moja litembee."

Tangu hapo anakuja kila siku baada ya misa ya asubuhi. Mimi nina mkono mmoja na nusu na sina mdomo, yeye ana mikono miwili na anaongea kwa niaba yetu sote. Nikigonga spana mara moja anasimama, mara mbili anaendelea. Tulipofungua zaidi tukakuta na kamshafti, ule mhimili wenye nundu zinazosukuma pushirodi, imelika, nundu moja imekuwa duara kabisa, ndiyo maana silinda ya nne ilikuwa imelala. Akatoa ya kwake. Tulishusha rejeta na uso wote wa gari, tukaichomoa ya zamani kwa mbele, polepole, kama mtu anayechomoa mwiba. Mpya imeingia. Pushirodi zimeingia. Shafti na roka tutafunga wiki hii, kisha kitabaki kuseti tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu, nayo nataka niiseti mwenyewe.

Juzi mke wake, Kunegunda, alituletea viazi. Mimi alinipondea na maziwa mpaka vikapita kwenye mrija. Tulikaa wanne uani. Kajetani ananiuliza habari zako, nami namwandikia kwenye ubao wa watoto. Anakujua sasa mpaka kovu lako la goti. Anasema gari likipona tutalileta Nakapanya sote wawili, umwone.

Ile hasira yako naijua, tumezaliwa nayo. Iweke chini. Hakuna tena mtu wa kumpiga.

Kaka yako,
Egidi


Porini, upande wa mto Ruvuma
17 Septemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Barua yako ya tarehe tisa nimeikuta dukani kwa Zuhura niliporudi. Nimeisoma baadaye, kaka. Ilikuwa imelala kwenye droo yake wakati mimi niko njiani. Sikungoja korosho. Nilikuwa silali, nikila naona tairi. Nikaazima pikipiki nikaja, na sikupita kwako kwa sababu nilijua ungenizuia.

Naandika kama ilivyokuwa. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Nilishaulizia nyumba, nikakaa kwenye lile tanuri la matofali lililo njiani kuelekea kwake, na mpini wa shoka chini ya koti. Alikuja kwa miguu, peke yake, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Nikasimama. Nilitaka aulize mimi ni nani ili nimwambie. Hakuuliza. Aliniangalia usoni, akacheka.

"Wewe ni Yohanes," akasema. "Mmefanana mpaka masikio. Kaka yako..."

Sikumwacha amalize. Nilidhani ananicheka. Pigo la kwanza lilimpata begani, akapiga magoti. Aliinua mkono mmoja na nikaupiga mkono ule, nikausikia. La tatu na mengine yalikuwa kichwani. Mpini ulipovunjika nilitumia mguu. Hakupiga kelele hata kidogo, alikuwa anatoa pumzi tu kwa kila pigo, kama mtu anayepasua kuni. Nilipoacha niliona nimelowa mpaka kwenye soksi.

Njiani kurudi nilikuwa na furaha, kaka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mpaka Tunduru nilikuwa naimba. Kisha nikafika dukani, Zuhura akanipa bahasha, nikasoma habari za viazi.

Niambie kama anaishi. Barua umpe Twaha, Zuhura ana mtu wa kunifikishia. Kuna mvuvi hapa anasema siku yoyote nikitaka atanivusha Msumbiji. Sijamjibu.

Mdogo wako,
Yohanes


Bombambili
4 Oktoba 2023

Yohanes, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kuanza na salamu.

Kajetani amekufa. Alikaa hospitali wiki mbili bila kufumbua macho. Alifariki Alhamisi, tarehe ishirini na nane, na Jumamosi tukamzika kwao, njia ya Mbinga.

Kwanza walinijia mimi. Polisi walinihoji siku nzima, nikajibu kwa kuandika, na majirani wakasema sikutoka uani siku ile. Waliponiuliza kama namshuku mtu, niliandika sijui. Siku hiyo nilikuwa sijui, nilikuwa naogopa tu. Barua yako ilifika siku mbili baadaye. Nimeichoma kwenye jiko la Walburga.

Watu wa Msamala hawakuhitaji polisi. Habari za kifo zilipofika walikuja nyumbani na mawe. Walburga alisimama mlangoni, jiwe likampasua paji la uso, watoto wakiwa chini ya kitanda wanalia. Watoto wawili wa kiume wa Kajetani walikuwa mbele, mmoja ana panga. Nilitoka nje nikae chini ili wamalize na mimi waache nyumba. Ndipo Kunegunda akafika, bila viatu, kanga ya msiba kichwani. Aliwapita watoto wake akaja akasimama kati yangu na wao. "Huyu alikuwa anakula na baba yenu," akawaambia. "Ondokeni." Panga lilikaa juu muda, kisha likashuka.

Alipogeuka kwangu aliniuliza kama gari linatembea. Nikaonyesha kwa kichwa kwamba bado. Akasema mumewe alilitengeneza, basi ndilo litakalomzika.

Waya wa taya walinitoa siku ya Ijumaa. Jumamosi, kumepambazuka tu, nikaanza kuseti tapeti. Kazi hiyo inataka mtu wa kuzungusha injini kwa hendeli huku mwingine akipima, maana kila valvu inasetiwa ikiwa imefunga kabisa. Kunegunda alitokea uani, akashika hendeli, akaniuliza azungushe upande gani. Niligonga spana mara mbili akazungusha, mara moja akasimama. Kumbe mumewe alikuwa anamsimulia kila kitu. Tulikwenda hivyo kwa valvu zote nane, mimi na mjane, na mikono yake ilikuwa imepata malengelenge alipomaliza. Nikawasha. Yohanes, injini ile haikugonga. Ilikuwa kimya mpaka unasikia kuku wa jirani. Nikakaa kwenye bampa nikaisikiliza.

Tulibeba jeneza nyuma, wanakwaya wakiwa wamelishika. Wakati wa kurudi Kunegunda alikaa mbele na mimi, tuko wawili. Tulipovuka daraja akaniuliza, bila kunitazama, "Unamjua aliyefanya?"

Ningeweza kunyamaza. Taya lilikuwa bado linauma, nilikuwa na sababu. Nikasema, "Namjua. Ni mdogo wangu."

Alinipiga kofi. Palepale penye mfupa uliovunjika. Gari likayumba nikalisimamisha. Akanipiga tena na tena, kwa ngumi, mpaka mkono wake ukachoka, kisha akajifunika kanga akalia mpaka jua likashuka. Mimi nilishika usukani. Alipomaliza akasema atasubiri mpaka matanga yaondolewe. Hatawaambia watoto wake, maana anajua watakachofanya, na hataki kwenda gerezani kuwatembelea wao. Lakini wewe uende mwenyewe ukaseme. Matanga yakiisha hujasema, atasema yeye.

Sina kitu cha kumwomba tena mama yule, na sitamwomba.

Jumamosi ya tarehe ishirini na moja nitakuja Nakapanya na Landrova. Nitasimama mbele ya duka la Zuhura. Ukiwapo tutapanda wote mpaka kituo cha polisi Songea. Usipokuwapo nitajua umevuka mto, na nitakwenda kituoni peke yangu niwaambie jina lako, kijiji, na mvuvi. Sikutishi. Nakuambia ili uchague ukiwa unajua.

Kaka yako, bado,
Egidi


Gerezani, Songea
12 Novemba 2023

Kaka Egidi, shikamoo.

Hali yangu ni nzuri kiasi. Tunalala wengi, chakula kipo, kikohozi kimerudi. Natumaini shemeji kidonda cha usoni kimefunga na watoto wanalala vizuri sasa. Askari mmoja amekubali nikuandikie na ameahidi hatasoma, anakusalimu naye.

Njia nzima kutoka Nakapanya hatukuongea, kwa hiyo niseme hapa.

Yule mvuvi alikuwa ameshaweka mtumbwi tayari siku ya Ijumaa. Niliingia, nikakaa. Maji yalikuwa chini, ni mwendo mfupi tu. Akaniuliza kule ng'ambo nina nani. Nikaona kwamba nitakuwa mtu asiye na wa kumwambia shikamoo mpaka nife. Nikashuka. Hilo ndilo lililonishusha, sikufikiria sheria wala Mungu, usinisifu.

Uliposimamisha gari baada ya Namtumbo, pale kwenye miombo, ukazunguka ukafungua mlango wangu, nilijua. Nilishuka mwenyewe. Kaka, ulinipiga kwa mikono yote miwili, na ule wa vidole visivyokunja ndio uliouma zaidi. Ulinipiga mpaka nikaanguka, ukaniinua, ukanipiga tena. Ulikuwa unalia kwa sauti kama mtoto. Sikuinua mkono. Kuna lori lilipita, dereva akapunguza mwendo, akatuangalia, akaenda zake. Kisha ulichukua dumu la maji ukaniosha uso, ukaniosha na masikio kwa ndani, ukanifunga kitambaa kwenye nyusi, ukanirudisha kwenye kiti. Ulinifunga mkanda wewe mwenyewe.

Walipotuona kituoni waliniuliza nani amenipiga. Ulifungua mdomo ujibu, nikawahi nikasema nilianguka na pikipiki. Sikutaka wakuweke ndani wewe, ndiyo sababu nilisema haraka vile. Baada ya hapo nikawaambia yale mengine yote na wakaandika.

Kesi imetajwa mara mbili. Wakili niliyepewa anasema kwa kuwa ulikuwa umepigwa vile, naweza kujitetea kwa hasira, shitaka likapungua. Huenda ni kweli. Nimemwambia aseme anachojua yeye kuhusu sheria, lakini siku wakiniuliza mimi kama nilimuua Kajetani, nitajibu ndiyo.

Kunegunda alikuja Jumanne. Nilidhani wameita jina la mtu mwingine. Alisimama upande wa pili wa nondo, akaniangalia kwa muda mrefu, akaangalia masikio yangu. Nilitaka kupiga magoti akasema, "Simama, nikuone vizuri." Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamjibu thelathini na mbili. Akatikisa kichwa, akaniambia mwanawe mkubwa ana thelathini na mbili pia. Basi akaondoka.

Askari anasema siku ya kutembelea ni Jumanne na Jumapili. Sikuombi uje. Ila ukija, sema jina lako kwa nguvu pale getini, maana kwenye korido hii hatusikii vizuri, na sitaki upite nisijue.

Mdogo wako,
Yohanes